Meno ya Plasta Chini ya Masale

Bweni la Mawenzi,
Moshi.
Alhamisi, 6 Februari 2025

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila kidogo tu, na hicho kidogo ndicho kilichonifanya nichukue kalamu. Simu haturuhusiwi hapa shuleni, na hata tungeruhusiwa, wewe husema sauti ya simu ni kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Mwalimu Fabian wa Jiografia kwao ni huko Kilema na hupanda kila Ijumaa. Amekubali kuwa posta yetu.

Bibi, ninasaga meno usingizini. Sikujua. Aliyeniambia ni Ummy, rafiki yangu anayelala kitanda cha jirani. Asubuhi moja alikuja na bakuli tupu akanikingia kidevuni. "Leonia, jana umesaga debe mbili nzima. Unga uko wapi, tukoroge uji?" Bweni zima lilicheka, na mimi nikacheka, mkono mdomoni kama kawaida yangu. Sasa hawacheki tena. Wawili wamehamisha magodoro. Matroni amesema nisipotulia kufikia likizo fupi nitalala peke yangu kwenye chumba cha wagonjwa. Nikiamka taya linauma mpaka sikioni.

Mama alinipeleka kwa fundi Hafidhi karibu na soko, yule yule aliyekutengenezea meno yako ya bandia. Alinijaza mdomo kwa uji wa waridi wenye ladha ya dawa ya meno, na kabla sijahesabu mia mbili ukawa mpira. Ndani ya mpira ule akamwaga plasta. Siku ya pili akanionyesha meno yangu, juu na chini, meupe kama chaki. Bibi, mimi nimekunywa maji ya kisima cha huku tambarare tangu nizaliwe, na meno yangu ni ya kahawia. Hata wewe hujawahi kuyaona yote, kwa sababu nayaficha. Niliyatazama yale ya plasta kwa muda mrefu mpaka Mama akaniuliza kama ninasali.

Juu ya plasta hiyo fundi alifinyanga kinga: plastiki ngumu, angavu kama kioo, inayovikwa meno ya juu wakati wa kulala, ili nikisaga nisage plastiki na si meno. Ameniagiza tutunze ile plasta, kwa maana kinga ikivunjika atatengeneza nyingine juu yake. Hapa shuleni vitu hupotea, na Mama anahama nyumba tena. Kwa hiyo nimemwomba fundi aipakie kwenye sanduku dogo, na Primus wa pikipiki atakuletea kutoka Himo. Chini ya plasta utaona nambari 417. Ndiyo yangu. Liweke kwenye kasha lako la vitenge, mahali pakavu. Plasta haipatani na maji.

Mjukuu wako akupendaye,
Leonia


Kilema,
Jumapili, 16 Februari 2025

Mjukuu wangu Leonia,

Marahaba. Sijapata barua yako hata moja tangu Krismasi, lakini leo sikugombezi. Kaa kwanza. Umekaa?

Babu Ndekirwa amerudi nyumbani.

Unakumbuka nilivyokusimulia. Zamani, mzee wa ukoo akishalala ardhini miaka kadhaa, watu walifukua kichwa chake, wakakiweka kwenye chungu chini ya masale, ile mimea yetu ya heshima, hapa kihambani kwenye migomba, awe karibu na watoto wake. Ndekirwa, babu wa marehemu mume wangu, aliwekwa hapo. Kisha Mjerumani mmoja akapita akiokota vichwa kama anaokota parachichi, akakitia sandukuni, akaenda nacho kwao. Chungu kilibaki kitupu. Mimi nimeolewa hapa nikakikuta kitupu.

Miaka mitatu iliyopita walikuja wale watu wenye vijiti vya pamba, wakamfuta Kalisti, ndugu wa marehemu babu yako, mate mdomoni. Walisema wazee wetu wako huko ughaibuni kwenye masanduku, kila mmoja na nambari yake, na mate yakikubaliana na mfupa tutaarifiwa. Tukangoja.

Jumatano Primus alisimamisha pikipiki getini. "Bibi, mzigo wako. Umetoka kwa daktari mjini." Sanduku dogo. Nikafungua, nikakuta pamba, na ndani ya pamba taya mbili nyeupe, zimeoshwa zikatakata. Chini yake nambari: 417. Na jino la pembeni juu kushoto limempanda mwenzake, vilevile kama la marehemu babu yako. Nilipiga magoti sakafuni, na goti langu unalijua.

Kalisti, kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo sasa, alitaka kuleta ukubwa. "Shemeji, tupige simu kwanza tuulize." Nikamwambia, "Tumengoja zaidi ya miaka mia, wewe unataka kuongeza vocha?" Akauliza kichwa kilichobaki kiko wapi. Nikasema wanarudisha kidogo kidogo, kama mtu mwenye vyombo vya jirani.

Jana tumemzika chini ya masale, watu arobaini, kwa pombe ya mbege na maziwa. Mimi ndiye niliyemwita kwa jina, mara tatu. Mara ya tatu migomba yote ilitulia. Nikamwambia: hapa ni kwako, kula, sema.

Nililia kama bibi harusi. Mungu anisamehe, na padri naye, maana sikumwambia.

Bibi yako,
Aikande


Bweni la Mawenzi,
Alhamisi, 20 Februari 2025

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Barua yako Primus aliiacha kwa mlinzi na nimeisoma mara nne. Hongera, Bibi. Natamani ningekuona ukilia kama bibi harusi.

Nilikuandikia tarehe 6, lakini Mwalimu Fabian alipelekwa kusahihisha mitihani na barua ikalala mkobani mwake. Leo amenirudishia akiomba radhi. Haikuwa na jambo kubwa, mambo ya kitoto tu, kwa hiyo nimeamua isije.

Je, uliandika sawa ile nambari? 417? Nauliza tu kwa sababu napenda nambari.

Watu arobaini ni wengi sana. Naamini wote walifurahi.

Habari zangu ni chache. Nina kinga mpya ya meno ya kulalia. Ijumaa iliyopita nikiwa maktaba, saa kumi jioni, nilihisi meno ya mbele ya chini yamegongwa, mara mbili, kama mtu anayebisha mlango kwa upole. Hakukuwa na mtu. Kengele ililia nikaenda kufua.

Mjukuu wako,
Leonia


Kilema,
Jumapili, 2 Machi 2025

Leonia,

Barua yako ni fupi kama sketi ya Shani wa dukani. Wewe huandika kurasa sita kuhusu kitabu kimoja, leo unaniandikia nusu. Unaumwa? Umegombana na mtu? Kama ni mvulana, niambie, nitamwombea apate akili.

Huku mambo ni mazuri. Sale lililokuwa limekauka upande mmoja limetoa majani mapya. Wanaukoo wanapita kila siku. Kalisti naye huja na kibuyu chake cha maziwa, anamwaga pale chini, eti anapita tu.

Nilikuwa naongoza maji ya mfereji wa mfongo kwenye migomba juzi, mchana kweupe, nikasikia mtu anasaga. Jiwe juu ya jiwe, taratibu. Nikadhani ni Ruth, mke wa Primus, anasaga ulezi wa mbege. Nikamwita, akaitikia kutoka barabarani, na kuni kichwani. Basi nikasema ni masikio yangu. Lakini lilikuwa linasaga, linanyamaza, linasaga.

Usihofu juu ya mzee. Nilimtengeneza vizuri kabla ya kumzika, nikamrudisha alivyokuwa. Wenzake watamtambua.

Andika barua nzima.

Bibi yako,
Aikande


Bweni la Mawenzi,
Alhamisi, 13 Machi 2025

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Hii ni barua nzima. Nisamehe kwa yaliyomo.

Jumamosi tulipewa ruhusa ya kwenda mjini. Nilimpelekea fundi Hafidhi kinga yangu kwa sababu imechimbika. Ummy alinisindikiza. Fundi alivaa miwani, akaigeuza kinga kwenye mwanga wa dirisha.

"Mwanangu, nani mwingine anaivaa hii?"

"Hakuna."

"Usinitanie. Plastiki hii huchukua miaka miwili kuisha hivi. Hii ina mwezi."

"Ni mimi tu, fundi. Nalala nayo, asubuhi naiosha."

Akanipa kipande cha nta laini, akasema niume. Nikauma. Meno yangu ya chini yaliacha mstari mmoja bila kuruka hata jino. Akaweka nta na kinga pamoja mezani. Bibi, kwenye kinga kuna mashimo kulia na mashimo kushoto, na katikati, mbele, hakuna kitu. Plastiki pale bado ni laini na inang'aa. Nimepima kwa rula: milimita kumi. Upana wa meno mawili.

Fundi akasema, "Aliyesaga hii hana meno mawili ya mbele, chini. Wewe unayo."

Halafu akayagusa hayo mawili kwa kidole, na yakacheza. Yote mawili. Akaniambia jino lisilogusana na kitu halina sababu ya kulegea hivi, na kwamba asipojua sababu hawezi kulizuia. Kwa mwendo huu, amesema, kabla ya Pasaka yatatoka yenyewe.

Tulipofika geti la shule ndipo Ummy akasema, "Nilikuwa sitaki kukuambia. Siku hizi husagi tu. Unasaga, unanyamaza, kama mtu aliyeuliza swali anasubiri ajibiwe. Kisha unauliza tena. Mimi husoma Ayat al-Kursi, na wewe unangoja nimalize."

Bibi, nimekuficha kitu. Ndani ya bahasha hii nimeweka barua yangu ya tarehe 6 Februari, ile iliyolala mkobani. Isome sasa. Nilipoona nambari 417 kwenye barua yako nilijua, lakini nilifikiria watu arobaini, na goti lako, nikaona meno ni yangu na ninaweza kuyatoa kimyakimya. Sasa naogopa.

Nina swali moja tu. Yale meno uliyoyazika, ya chini, yalikuwa kamili?

Mjukuu wako,
Leonia


Kilema,
Jumamosi, 15 Machi 2025

Mjukuu wangu,

Nimesoma barua zote mbili. Nimeketi jikoni tangu asubuhi na mtori umeungua.

Yalikuwa kamili.

Nilishangaa. Wazee wetu waling'olewa mawili ya mbele, chini, wakiwa vijana, ili pepopunda ikikaza taya, mtu anyweshwe maziwa kupitia pengo asife kwa njaa. Ndekirwa alikuwa na pengo. Mume wangu alisimuliwa na baba yake. Nikadhani hao Wazungu wamemjaza ili apendeze. Nikasema, akifika kwa wenzake na meno kamili watamuuliza yeye ni nani.

Nikachukua kisu cha kumenyea ndizi, nikageuza, nikagonga kwa mpini. Mara mbili. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi jioni. Yalitoka kwa urahisi, Leonia, kama punje za mahindi mabichi. Ninayo kwenye kopo la rozari.

Ni mimi niliyemwita aje kwenye meno hayo. Nikamwambia kula, sema. Zaidi ya miaka mia hana mdomo. Wewe ungeacha?

Nipe siku chache. Nikiyafukua bila ukoo, ni wizi. Nikiyafukua mbele ya ukoo, mimi ndiye yule mama aliyenywesha plasta maziwa, na watalisema hilo hata kwenye mazishi yangu. Si kitu. Nafikiri tu nianzie wapi.

Usiyaguse kwa ulimi.

Bibi yako


Chumba cha wagonjwa,
Alhamisi, 20 Machi 2025

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, Mwalimu Fabian anangoja mlangoni.

Tafadhali usiwaambie. Nimefikiri sana. Ni meno mawili tu, na ni ya kahawia. Watu wengi wana pengo. Fundi Hafidhi anaweza kunitengenezea mawili meupe, na nitakuwa mzuri kuliko sasa.

Lakini niliahidi barua nzima, kwa hiyo nasema na hili. Jumanne niliamka taya limekaza. Halikufunguka kabisa. Nesi alikuja, akasema si pepopunda, ni misuli imechoka kwa kusaga, akanichoma sindano. Mpaka jioni sikuweza kula. Matroni alileta maziwa na mrija akautafutia njia pembeni ya shavu, yakamwagika shingoni. Na mimi, nikiwa nimelala pale, niliwaza: ingekuwa rahisi kama ningekuwa na pengo. Niliwaza vizuri kabisa, kwa utulivu. Ila Bibi, halikuwa wazo langu. Sijui nieleze vipi. Lilikuwa na umri.

Taya limefunguka sasa. Jino la kushoto limebaki kwenye nyama tu.

Ummy huja kila baada ya swala na kuniletea maandazi ambayo siwezi kutafuna, halafu anayala mwenyewe mbele yangu. Anasema ananiburudisha.

Usijiaibishe kwa ajili yangu.

Leonia


Kilema,
Jumapili, 23 Machi 2025

Mjukuu wangu Leonia,

Barua yako niliipata Ijumaa jioni. Kwa mara ya kwanza maishani mwako umeniambia la kufanya, nami kwa mara ya kwanza nimekukatalia.

Jana asubuhi niliwaita wote. Nikasimama mbele ya masale nikawaambia: yale meno si ya Ndekirwa. Ni ya Leonia wetu. Yametengenezwa kwa plasta na Hafidhi wa sokoni, na mimi nilidanganywa na hamu yangu. Kalisti alicheka mpaka akashika mgomba. "Shemeji! Yaani nimekuja na kibuyu kila siku kunywesha chokaa!" Wote wakacheka. Nikawaacha wacheke. Kisha nikawasomea barua zako, ile ya plasta, ile ya kinga na ile ya taya. Nilipofika kwenye milimita kumi hakuna aliyekuwa anacheka.

Primus akachimba. Mvua imenyesha siku tisa na udongo ni uji. Akaitoa ile plasta, akaisafisha kwa shati lake, akanipa bila kunitazama. Leonia, meno yote yamelika. Yamekuwa bapa kama jiwe la kusagia. Primus akasema ni maji, plasta haipatani na maji, hata mjukuu wako ameandika. Labda ni maji. Lakini maji yamelamba meno peke yake. Chini nambari 417 bado inasomeka, na alama ya kalamu haijafutika.

Kalisti akataka tufukie shimo tuondoke. Nikasema hapana. Huwezi kumwita mgeni, ukamnywesha, ukamwambia sema, kisha ukamwondolea kiti. Ataenda wapi? Atarudi kwenye kiti alichozoea, na hicho kiko shuleni Moshi na kina miaka kumi na sita.

Basi nikatoa ya kwangu.

Ndiyo, hapo hapo, mbele za watu, juu na chini. Kalisti aligeuka kwa heshima. Yale ya chini nikayang'oa mawili ya mbele kwa kisu. Plastiki ya Hafidhi ni ngumu kuliko plasta yake, mpe salamu. Nikayaweka kwenye kile chungu kitupu, nikakiweka shimoni. Nikamwambia: Ndekirwa, yule ni mtoto, hajamaliza shule. Mimi ni mke tu wa ukoo huu, lakini nimepika hapa miaka hamsini na mbili. Tumia haya mpaka ya kwako yarudi.

Nikakata jani la sale, nikafunga fundo la kuombea msamaha, nikaliweka juu. Yale meno yako mawili ya kwenye kopo nakurudishia ndani ya bahasha hii, kwenye pamba. Yafunge na vitu vyako.

Usinihurumie. Mtori hauhitaji meno.

Bibi yako,
Aikande


Bweni la Mawenzi,
Alhamisi, 3 Aprili 2025

Mpendwa Bibi,

Shikamoo, shikamoo tena.

Nimerudi bwenini. Tangu Jumamosi ile, tarehe 22, sijasaga. Hata mara moja. Ummy analalamika. "Nilishazoea mashine yako. Sasa kimya kimezidi, nasikia hadi mawazo yangu, na hayana maana." Lakini magodoro yale mawili yamerudi mahali pake.

Mama alinipeleka kwa fundi Hafidhi. Alichukua alama upya, akamwaga plasta mpya, nambari 436, na safari hii anaitunza mwenyewe dukani. Nimevaa kinga mpya usiku kumi na haina mkwaruzo. Aliyagusa yale mawili ya chini kwa kidole, akayagusa tena, akasema yamekaa kama misumari. Akaniuliza nimefanya nini. Nikacheka, na nilipofika bwenini ndipo nikagundua kwamba sikuweka mkono mdomoni.

Yale mawili ya plasta nimeyashonea kwenye pindo la begi.

Fundi anasema vipimo vyako vya zamani bado anavyo na atakutengenezea meno mengine. Ukikubali, nitakuja nayo likizo. Bibi, unakula nini kweli? Usiniambie mtori kila siku.

Nakushukuru. Neno hili ni dogo lakini sijapata kubwa zaidi, na nimetafuta.

Mjukuu wako,
Leonia


Kilema,
Jumapili, 6 Aprili 2025

Mjukuu wangu,

Marahaba, na nyingine tena.

Nimeisoma barua yako kwa sauti kihambani, ile sehemu ya kucheka. Nimefurahi, na si mimi peke yangu.

Mwambie Hafidhi asijisumbue. Sitaki meno mengine. Nakula mtori, nakula parachichi, nakula uji, na Kalisti ananiletea maziwa yaliyokuwa ya mzee. Anasema sasa anajua yanakwenda wapi.

Ruth alikuja kulala kwangu wiki hii kwa sababu mvua imebomoa ukuta wa nyumba yao. Asubuhi ya kwanza akaniuliza, "Bibi, jana ulikuwa unasaga nini chumbani mpaka alfajiri?" Nikamwambia sijasaga kitu. Akasema, "Nimesikia. Ni meno, Bibi. Unasaga, unanyamaza, unasaga." Nikafungua mdomo, nikamwonyesha. Ufizi mtupu, kama wa mtoto mchanga. Akatazama vizuri, upande huu na upande ule. Mchana huo huo akahamia kwa mama yake, ambako paa linavuja kuliko kwake.

Usiogope. Wewe ulimwogopa kwa sababu hukujua anauliza nini, na Kichagga chako ni cha salamu tu. Mimi namwelewa. Anaulizia watu, mmoja mmoja, kwa majina. Nani yuko hai, nani alikwenda wapi, nani alizaa nani. Ni majina mengi, na mimi ndiye niliyebaki ninayeyajua. Akinyamaza, namjibu. Juzi amefika kwa marehemu babu yako, na kesho labda atafika kwa baba yako, kisha kwako.

Njoo likizo. Nimekutandikia chumba cha mbele. Ukisikia tunaongea, usibishe hodi.

Bibi yako,
Aikande